Wimbo mkali kwenye albamu ukae wa kwanza au wa tatu? Nani hupanga?

#1 MwishoWaReli
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa mwisho amemaliza kurekodi albamu yake, nyimbo 11, kwenye studio moja hapa Mwanga, Kigoma. Kazi imechukua miezi saba na wakati wa kurekodi hakuna aliyenuniana na mwenzake. Ugomvi umeanza nyimbo zilipokamilika: zipangweje?

Yeye anataka ule ambao vijana wa Gungu wameshaanza kuuimba uwe wa kwanza. Prodyuza anasema ukae wa tatu, na hataki kusikia lingine. Mama naye ametia neno: wimbo wa kumshukuru marehemu baba ndio ufungue, maana huwezi kuingia kwa watu bila kumtaja aliyekuzaa.

Jumapili tulikwenda ufukweni Kibirizi, tukakata boksi la sabuni vipande 11, kila kipande tukaandika jina la wimbo, tukavipanga mchangani. Upepo wa ziwa ukawa unavipeperusha, tukaweka kokoto juu ya kila kimoja. Tumekaa hapo mpaka mitumbwi ya dagaa inawasha taa, tumeondoka hatujakubaliana hata nyimbo tatu za mwanzo.

Msimamo wangu ni kwamba mkali ukae mbele. Asiyefika wa tatu ataujulia wapi? Lakini nataka kujua wenyewe wanaamuaje. Kuna kanuni?

#2 KijanaWaGungu
Uko sahihi kabisa. Siku hizi Spotify wanahesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Wa kwanza ukichelewa kuchanganya, mtu ameshaondoka na nyimbo kumi za nyuma zimekufa naye. Halafu huo wimbo naujua, pale kijiweni kwetu unapigwa kila siku. Mwambie dogo asimsikilize prodyuza.

#3 Mzee_wa_Kanda
Vijana, mnazungumza kama albamu ilianza na simu. Mimi nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda Gongoni, Tabora, tangu mwaka 1986. Nawaambia kilichopanga nyimbo miaka yote ile ni saa ya ukutani.

Kanda ya C60 ina dakika 30 kila upande. Ukiwa na nyimbo kumi za urefu tofauti, kazi ya kwanza ni kuzigawa ili upande A na upande B zikaribiane. Ukipanga kwa utamu tu, unaweza kujikuta upande A una dakika 27 na upande B una 18. Hapo mkanda unazunguka mtupu dakika 12 na mteja anarudi dukani amekasirika, anasema nimemuuzia kanda mbovu. Nilikuwa na daftari la shule, kila wimbo nimeandika dakika na sekunde zake. Mara nyingi wimbo mzuri sana ulihamia upande B kwa sababu ulikuwa na dakika saba na nafasi yake ilikuwa huko.

Na jambo la pili ni betri. Watu walianika betri za National juani ili zipate nguvu kidogo. Mtu wa namna hiyo hapelekei mkanda mbele kutafuta wimbo. Anasikiliza zote kama zilivyokuja, na anazipenda kama zilivyokuja.

#4 BintiUjiji
Shikamoo mzee. Kwa hiyo aliyekuwa anapanga ni wewe mwenye kibanda, siyo mwanamuziki?

#5 Mzee_wa_Kanda
Marahaba mwanangu. Kwa kanda za kuchanganya, ndiyo, nilipanga mimi na mteja. Analeta karatasi ya nyimbo anazotaka, namwambia hizi mbili hazitoshi upande huu, anakubali. Kwa kanda zilizotoka kwa wasambazaji Dar, wao walipanga. Mwanamuziki alikabidhi masta, akalipwa, basi. Wengi walikuja kuona mpangilio wa nyimbo zao wenyewe siku kanda ilipofika dukani kwangu.

#6 Mpiga_Besi
Kabla ya kanda kulikuwa na santuri, na hapo sababu ni ya kiufundi zaidi. Santuri ile kubwa ya mwaka 1948 kuja mbele, nyimbo za kelele ziliwekwa nje na za polepole ndani karibu na tundu, kwa sababu kule ndani santuri inazunguka taratibu.

#7 Fundi_wa_Santuri
Mpiga_Besi, mwanzo umepatia, mwisho naomba nirekebishe. Santuri yote inazunguka kwa mwendo mmoja, mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, nje hata ndani. Mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Kinachobadilika ni njia ya sindano. Ukingo wa nje, sindano inapita zaidi ya sentimita 90 katika sekunde hizo 1.8. Karibu na karatasi ya katikati inapita chini ya sentimita 40. Kwa hiyo sauti ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofikia nusu ya ile ya nje. Matoazi yanaanza kukwaruza, herufi "s" ya mwimbaji inakuwa kama mafuta ya kukaangia. Ndiyo maana wimbo wa kufunga upande mara nyingi ulikuwa wa taratibu, gitaa na sauti ya mtu, vitu visivyoumia huko ndani.

Urefu nao ulikuwa na bei yake. Ukijaza dakika nyingi upande mmoja, mifereji inakuwa myembamba na sauti inapungua nguvu. Thriller ya Michael Jackson, mwaka 1982, walikwama hapohapo: toleo la kwanza lilikuwa refu mno kwa santuri, wakalazimika kukata na kuchanganya upya ndipo likatoka na nyimbo 9.

Na kwa kuwa nimeitaja, MwishoWaReli, iangalie vizuri. Wimbo uliotangulizwa kama singo ulikuwa wa tatu. Wimbo wenye jina la albamu ni wa nne, unafunga upande A. Beat It inafungua upande B na Billie Jean inafuata. Huyo prodyuza wako ana hoja.

#8 Mpiga_Besi
Nimekubali, ahsante fundi. Miaka yote nilikuwa nasema vile.

#9 KijanaWaGungu
Lakini Michael Jackson alishakuwa Michael Jackson. Watu wangesubiri hata wa tisa. Dogo wa Mwanga nani atamsubiri?

#10 Mwanakwaya_Kasulu
Bwana asifiwe. Huku kwetu kwaya hazina prodyuza wa kuamua, kuna kamati. Nimekuwa katibu wa kwaya, kwa hiyo nasema nilichokiona mezani.

Tulikuwa na nyimbo nane. Wimbo wa kwanza haukujadiliwa hata dakika moja, ni ule unaobeba jina la albamu, maana mtu akiona jina juu ya kasha anataka ausikie huo kwanza. Wa pili ndio ulileta kikao cha saa tatu nzima. Aliyetufadhili alikuwa na wimbo anaoupenda, ambao kwa kweli ulikuwa dhaifu. Mwenyekiti akasema tumuwekee wa pili kwa shukrani. Mwalimu wa kwaya akasema ukiuweka wa pili umeua kanda. Tukapiga kura. Mwenyekiti alishinda, kanda ikatoka hivyo, na kila nyumba niliyoingia Kasulu nilisikia watu wakifika hapo wanapeleka mbele. Mpaka leo nikiusikia mlio ule wa mkanda unakimbizwa nakumbuka kikao kile.

Nyie wa Tabora mna Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, kanda zao zilijaa nchi nzima. Mwenye kumbukumbu atuambie wao walipangaje.

#11 Mwembe_wa_Kanyenye
Ulyankulu hapo sijui undani, tulikuwa wanunuzi tu. Ila turudi nyuma zaidi. Watu wanasema "albamu ya Tabora Jazz", "albamu ya Kiko Kids". Wakuu, bendi zile hazikukaa kupanga albamu. Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe, Tabora Jazz, walisafiri kwenda Dar kurekodi RTD, redio ya taifa, wimbo mmoja mmoja, na zilizotoka kwenye santuri zilitoka zile ndogo, wimbo huku na wimbo kule. Mkusanyiko unaouona leo mtu mwingine ameuokota na kuupanga baada ya miaka mingi.

Mpangilio wao wa kweli ulikuwa ukumbini. Dansi linaanza saa tatu usiku, nyimbo za taratibu watu waingie, wakae, waagize. Saa tano wanaanza kuchanganya. Saa saba ndiyo Segere Matata yenyewe, ule mtindo wa Tabora Jazz, kila mtu katikati. Halafu karibu na kufunga wanarudisha watu chini kwa rumba tulivu ili wasitoke na fujo. Ukitaka kumsaidia dogo, mwambie apange kama usiku wa dansi.

#12 KijanaWaGungu
Na sauti tamu ya Tabora Jazz ilitoka wapi? Shem Karenga ni wa kwetu Kigoma. Mlimchukua akiwa amekwisha kuiva.

#13 Mwembe_wa_Kanyenye
Alipanda treni mwenyewe, hatukumfunga kamba. Lakini Tabora ndiyo iliyompa jukwaa, na mwaka 2014 alipofariki tulilia wote, reli nzima. Tusigombanie.

#14 Fundi_wa_Santuri
Hizo santuri ndogo za nyimbo mbili zilikuwa na mpangilio wake pia, hasa za wenzetu wa ng'ambo ya ziwa. Rumba ya Kongo ikiwa ndefu waliikata: upande wa kwanza maneno, sauti inafifia, unageuza, upande wa pili sebene. Wimbo mmoja pande mbili. Aliyekuwa karibu na santuri ndiye mwenye kazi ya kugeuza, na kumbi za nyumbani kwetu mtu huyo alikuwa na heshima.

Neno lenyewe "albamu" nalo lilitokana na santuri. Zile santuri za zamani kabisa za mizunguko 78 zilibeba kama dakika tatu kila upande. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, alirekodi za namna hiyo. Ukitaka nyimbo nyingi za pamoja ulinunua kitabu chenye mifuko ya santuri, kimefungwa kama albamu ya picha. Unavuta unayotaka. Mpangilio ulianza kuwa na nguvu pale nyimbo zote zilipokaa kwenye santuri moja na sindano ikawa inajiendea yenyewe.

#15 Bi_Mkubwa_wa_Isevya
Wanangu, mmesahau taarab. Huko kwenye vikundi vya asili vya Zanzibar shughuli inafunguliwa kwa bashrafu, ala tupu, hakuna anayeimba. Watu wanatulia, wanapanga khanga zao, ndipo mwimbaji anasimama. Ukisikia kanda imeanza na bashrafu ujue aliyepanga amelelewa.

Taarab ya kisasa ni mambo mengine. Wimbo dakika kumi na zaidi, kwa hiyo albamu ni nyimbo nne, tano, sita basi. Kila mwimbaji mkubwa wa kikundi anataka wake uwe wa kwanza upande wake. Hapo mpangilio unatafuta amani: mkubwa mmoja anafungua A, mkubwa wa pili anafungua B. Upande B uliwaokoa wengi. CD ilipokuja ikaondoa upande B, na ugomvi ukazidi, maana nafasi ya kwanza ikabaki moja.

#16 Mzee_wa_Kanda
Bibi umesema kweli tupu. Hata bendi za dansi zilikuwa hivyo.

#17 Dereva_wa_Malagarasi
Nawasoma tangu juzi. Mimi naendesha basi Kigoma hadi Tabora, muziki wangu uko kwenye flashi. Naomba niulize kitu: hayo mapangilio yote mnayosema, mbona kwangu hayafiki? Nikiweka albamu, wimbo wa kwanza kwenye redio ya gari ni wa saba, halafu wa pili, halafu wa kumi. Kuna albamu ya injili nimeijua miaka miwili kwa mpangilio huo, siku nimeisikia kwa shemeji yangu Uvinza kama ilivyotoka nikaona ni kazi ya mtu mwingine. Na sikuipenda. Pale baada ya daraja la Malagarasi nimezoea uje ule wa taratibu.

#18 Fundi_Mikanda_Mwanga
Dereva, redio nyingi za gari hazisomi namba ya wimbo. Zinacheza kwa mfuatano ambao faili ziliingia kwenye flashi, nyingine zinafuata alfabeti. Aliyekujazia alizichagua ovyo akabandika, basi ukapata mfuatano wake. Anzisha kila jina la faili na 01, 02, 03, na uziingize moja moja kwa mfuatano huo. Itakubali.

Sasa kwa mwenye uzi. Mimi nafanya kazi studio hapa Kigoma, siyo hiyo ya mdogo wako. Mnabishana kuhusu nani awe wa kwanza, lakini mimi nikipanga huanza na viungo. Nachukua sekunde 15 za mwisho za wimbo mmoja na sekunde 15 za mwanzo za unaofuata, nasikiliza hapo tu, tena na tena, macho nimefumba. Nyimbo mbili za ki moja (ufunguo mmoja wa sauti) na mwendo mmoja zikifuatana, sikio linadhani wimbo haujaisha. Msikilizaji anasema albamu inachosha, na hajui kwa nini. Ukitoka ki ya G ukaingia C, unashuka kwa raha. Ukitoka wimbo wa mapigo 120 kwa dakika ukaanguka hadi 70 bila pumzi, mtu anahisi amekosa ngazi.

Na ile nafasi ya kimya katikati. CD kwa kawaida huwekewa sekunde mbili, lakini baada ya wimbo wa msiba mimi naacha nne, tano. Baada ya wimbo wa furaha unaoishia kwa kishindo, nusu sekunde inatosha. Kimya hicho nacho ni sehemu ya wimbo.

KijanaWaGungu, sekunde 30 ulizotaja ni za hesabu ya malipo. Zinakwambia wimbo uanze vipi. Ukae wapi, hazikwambii. Wa kwanza unaweza kuwa mfupi, dakika moja na nusu, ukashika mtu, ukampeleka wa pili.

#19 KijanaWaGungu
Lakini mkuu, watu wanabonyeza kuchanganya tu. Nani anafuata mpangilio?

#20 Fundi_Mikanda_Mwanga
Wapo. Novemba 2021 Adele aliwaomba Spotify waondoe kitufe cha kuchanganya kisitangulie kwenye kurasa za albamu, na wakakiondoa. Prince alikwenda mbali zaidi: Lovesexy ya mwaka 1988, kwenye CD aliziunganisha nyimbo zote kuwa moja, ukitaka usitake unasikiliza tangu mwanzo. Hao ni watu walioona mpangilio ni mali yao kama maneno ya wimbo.

#21 Mpiga_Besi
Na Kendrick Lamar, DAMN. ya mwaka 2017. Inasikilizwa mbele, na inasikilizwa kinyumenyume kuanzia wimbo wa mwisho. Desemba mwaka huohuo wakatoa toleo lililogeuzwa rasmi. Hisia anazopata msikilizaji zinabadilika. Nyimbo ni zilezile, hakuna neno lililoongezwa.

#22 MwishoWaReli
Wakuu ahsanteni, sikutegemea haya. Nimempelekea mdogo wangu maneno ya Fundi_Mikanda. Jana usiku tumefanya ile ya viungo, sekunde 15 na 15, kwenye spika ndogo jikoni. Tumegundua wimbo wake mkali, ule wa Gungu, unaanza na ngoma tupu bila ala nyingine. Ukiwa wa kwanza kabisa ngoma ile inasikika kama inagongwa tu. Ukitanguliwa na wimbo wa ziwa, ambao unaishia na gitaa linalofifia, ile ngoma inapoingia hata mimi nilisimama. Dogo alinyamaza. Akaomba turudie. Tukarudia mara nne.

Kwa hiyo nimeanza kulegea kwenye msimamo wangu. Ila wimbo wa mama bado hatujui pa kuuweka. Prodyuza anautaka wa sita, katikati, "upumzishe". Mama akisikia umewekwa wa kupumzishia watu sijui tutasema nini.

#23 Bi_Mkubwa_wa_Isevya
Mama yako ana haki. Mgeni anapiga hodi, anasalimu wazee, ndipo anaeleza lililomleta. Wimbo wa baba ndio hodi.

#24 Mwanakwaya_Kasulu
Naheshimu, Bibi, lakini kwenye maombi shukrani huja mwisho vilevile. Kuuweka wa mwisho siyo kuudharau. Anayefika mwisho ndiye aliyependa kweli, huyo ndiye anayestahili kusikia habari za baba.

#25 KijanaWaGungu
Na wale wasiofika?

#26 BintiUjiji
Nina kisa, mnivumilie.

Mwaka 1994 kijana mmoja wa hapa Ujiji alinirekodia kanda. Hakuniandikia barua. Alikuwa mwoga wa kuandika, na baba yangu alikuwa anafungua kila karatasi inayoingia nyumbani. Alikwenda kwenye kibanda cha kurekodi, akachagua nyimbo 12, sita huku na sita huku. Nilipoisikiliza mara ya kwanza niliona ni nyimbo nzuri tu. Mara ya tatu ndipo nikashtuka. Wimbo wa kwanza mtu anauliza jina la msichana. Wa pili anasema ameulizia kwao. Wa tatu anaogopa. Upande wa B unaanza na mtu anayeomba jibu, unaishia na harusi. Nyimbo za bendi tofauti kabisa, watu wasiojuana, amezishona zikawa mazungumzo yake na mimi. Hakutunga hata neno moja. Kazi yake ilikuwa kupanga tu.

Alinioa. Ametangulia mbele ya haki sasa mwaka wa tano. Kanda ninayo, ila wimbo wa kwanza wa upande A redio iliutafuna zamani, mwanzo wa mkanda ndio unaoumia kwanza siku zote. Kwa hiyo nikiiweka inaanzia pale anapoulizia kwetu. Lile swali la jina sina tena.

Ndiyo maana nauliza: wimbo wa kwanza mtu anaupoteza, wa mwisho watu hawafiki. Salama iko wapi?

#27 Mzee_wa_Kanda
Mwanangu BintiUjiji, pole na hongera kwa pamoja. Kwa kanda, wimbo niliotaka uishi niliuweka wa pili upande A. Wa kwanza ulikuwa wa kuumia kwa ajili ya wengine. Kama unakumbuka ni wimbo gani, niandikie kwa faragha. Deki yangu ya milango miwili bado nzima, na sanduku la kanda za miaka hiyo ninalo.

#28 BintiUjiji
Naukumbuka, mzee. Nakuandikia sasa hivi.

#29 Dereva_wa_Malagarasi
Mzee, kanda ikipatikana nipigieni, nitaibeba mwenyewe hadi Ujiji, hamna nauli.

Fundi, nimeweka namba 01, 02. Imekubali. Lakini ile albamu ya injili nimeirudisha kama ilivyokuwa.

#30 MwishoWaReli
Taarifa. Mama amesikiliza albamu nzima jana mara mbili, mpangilio mbili, amekaa kwenye mkeka anasafisha dagaa, hatukumwambia ipi ni ipi. Ya kwanza wimbo wa baba ulifungua. Ya pili ulikuwa wa mwisho. Ule ulipokuja mwisho aliacha dagaa mkononi mpaka ukaisha. Halafu akasema bado anautaka mwanzo.

Mdogo wangu sasa ana wazo: gitaa la wimbo wa baba lipigwe peke yake mwanzoni kabisa, sekunde 40 hivi, bila maneno, kama ile bashrafu ya Bibi, na wimbo wenyewe ufunge albamu. Wa ziwa uwe wa pili, mkali wa tatu. Prodyuza anasema sekunde 40 za gitaa tupu zitafukuza watu.

#31 KijanaWaGungu
Kwa hiyo mkali umekuwa wa tatu kweli! Mmeniangusha. Na hapo prodyuza yuko sahihi, zitafukuza.

#32 Bi_Mkubwa_wa_Isevya
Ishirini zinatosha. Lakini liwepo.

#33 Fundi_Mikanda_Mwanga
Msifunge bado. Nimesikiliza zile ulizonitumia. Wa nne na wa tano zote ziko ki ya G na mwendo karibu mmoja. Mmoja uhame.

#34 MwishoWaReli
Uhamie wapi? Wa nane na wa tisa nao ni G.